Watetezi wa imani wa karne ya 2

Watetezi wa imani wa karne ya 2 (kwa Kigiriki ἀπολογηταί, apologetai) ni waandishi Wakristo waliotunga vitabu, barua na majadiliano ili kuieleza imani yao mbele ya watawala wa Dola la Roma, wanafalsafa na wasomi wa wakati huo, na kuikinga dhidi ya tuhuma zilizokuwa zikisababisha waamini kuuawa. Wengi wao waliandika kwa Kigiriki kati ya mwaka 125 hivi na 180 hivi. Waliofuata mara baada yao katika Afrika Kaskazini waliandika kwa Kilatini. Maarufu kuliko wote ni Yustino mfiadini, aliyekatwa kichwa mjini Roma mwaka 165 hivi.

Kwa kawaida wanakumbukwa kama watu wa kwanza kukutanisha imani ya Kikristo na falsafa ya Kigiriki. Ni kweli, lakini hiyo ni sehemu tu ya kazi yao. Hoja waliyoitegemea zaidi ilikuwa mwenendo wa Wakristo: walimtaka mtawala achunguze waamini wanaishi vipi, kisha ahukumu. Hoja ya namna hiyo ina gharama yake, kwa sababu Kanisa likiishi kinyume cha Injili mtetezi wake ameshindwa kabla hakimu hajasema neno. Ndiyo sababu vitabu hivyo, ingawa vimeelekezwa kwa watu wa nje, vinagusa mara kwa mara nidhamu ya ndani ya Kanisa.

Jina

Neno la Kigiriki apologia lilikuwa la mahakamani: ni hotuba ya mshtakiwa anayejibu mashtaka. Ndilo jina la kitabu ambamo Plato alieleza jinsi Sokrates alivyojitetea mbele ya mahakama ya Athene mwaka 399 KK. Wanafunzi wanaojua Kiingereza hudhani mara nyingi kwamba neno hilo linahusu kuomba radhi, sivyo kabisa. Anayetoa apologia hakiri kosa, bali anadai ushahidi.

Neno hilo limo pia katika Agano Jipya. Matendo ya Mitume inalitumia kuhusu Mtume Paulo alipojitetea mbele ya umati wa Yerusalemu. Waraka wa kwanza wa Petro (3:15-16) unawataka waamini wawe tayari sikuzote kumjibu anayeuliza sababu ya tumaini lao, ila wafanye hivyo kwa upole na kwa dhamiri njema, ili wanaousingizia mwenendo wao waaibike. Jibu lenye sababu na mwenendo unaolithibitisha vimewekwa pamoja, na waandishi wa karne ya 2 hawakuvitenganisha.

Mazingira ya kisheria

Dola la Roma lilivumilia miungu na ibada za kila aina, mradi watu waheshimu pia miungu ya mji na kumtolea sadaka Kaisari au kwa ajili yake. Wayahudi waliachwa na desturi zao kwa kuwa zilikuwa za kale, na Warumi waliheshimu mambo ya kale. Wakristo hawakuwa na kinga hiyo. Dini yao ilikuwa changa, mwanzilishi wake alisulubiwa kwa amri ya liwali wa Kirumi, na wenyewe walikataa kutoa hata chembe ya ubani mbele ya sanamu. Njaa, mafuriko au tauni vilipotokea, majirani walisema miungu imekasirishwa na watu hao.

Katika karne hiyo dhuluma haikuendeshwa kwa msako wa Dola zima. Mara nyingi ilianza mtaani: jirani, mume, mshindani wa biashara au umati uliochochewa ulipeleka jina la mtu kwa liwali. Barua ya Plinio Mdogo, liwali wa Bitinia (katika Uturuki wa leo), kwa Kaisari Trajano, iliyoandikwa mwaka 112 hivi, inaonyesha mambo yalivyokwenda. Plinio aliwauliza watuhumiwa mara tatu kama ni Wakristo. Waliong'ang'ania aliagiza wauawe, isipokuwa raia wa Roma, ambao walipangiwa kupelekwa mji mkuu. Hata hivyo alikiri kwamba hajui anachoadhibu hasa: ni jina lenyewe, au ni makosa yanayoambatana na jina hilo? Kutoka kwa watu walioacha imani alisikia kwamba Wakristo walikuwa wakikutana siku maalumu kabla ya mapambazuko, wakimwimbia Kristo kama Mungu na kujifunga kwa kiapo kutoiba, kutonyang'anya, kutozini na kutodhulumu amana. Baadaye walikutana tena kula chakula cha kawaida. Aliwatesa wajakazi wawili waliokuwa na huduma katika Kanisa, asipate kitu zaidi ya alichokiita ushirikina.

Trajano alijibu kwa kifupi. Wakristo wasitafutwe, na mashtaka yasiyo na jina la mshtaki yasipokelewe. Lakini wakishtakiwa na kuthibitika waadhibiwe, isipokuwa anayekana na kuisujudia miungu. Huyo asamehewe.

Mtu anayeisoma leo anaona mara moja kasoro ya amri hiyo. Mwizi hasamehewi kwa kukana kwamba ni mwizi. Kama Mkristo akikana anaachiliwa palepale, basi hakuna uhalifu uliokuwa ukichunguzwa. Watetezi wa imani walilishika jambo hilo wasiliachie. Tertuliani, aliyekuwa na ulimi mkali kama wakili mzoefu, alimcheka Trajano waziwazi: ikiwa hawa wana hatia, kwa nini wasitafutwe? Ikiwa hawana, kwa nini waadhibiwe?

Tuhuma tatu

Atenagora wa Athene, katika utetezi aliowaandikia Marko Aurelio na mwanae Komodo mwaka 177 hivi, alizitaja tuhuma kwa mpangilio: ukanamungu, ulaji wa nyama ya watu na zinaa ya maharimu. Mbili za mwisho ziliitwa kwa majina ya hadithi za Kigiriki: karamu za Thyestes, aliyelishwa nyama ya wanawe bila kujua, na ndoa ya Oidipo, aliyemuoa mama yake.

Si vigumu kuona zilikotoka. Wakristo walikutana faragha, pengine alfajiri au usiku. Waliongea juu ya kula mwili na kunywa damu. Waliitana kaka na dada, hata mume na mke, kisha wakapeana busu la amani. Anayesikiliza mlangoni asiyejua Ekaristi ni nini angeweza kujaza mengine mwenyewe. Ukanamungu nao ulithibitishwa na macho: nyumbani mwao hamkuwa na sanamu yoyote.

Uvumi huo uliua. Mwaka 177 huko Lugdunum (leo Lyon, Ufaransa) watumwa wapagani wa mabwana Wakristo walikamatwa na, kwa kuogopa mateso, wakathibitisha tuhuma zote mbili za aibu. Tangu hapo hata watu waliokuwa wapole kwa Wakristo walighadhibika. Miongoni mwa waliouawa ni mjakazi Blandina, aliyeteswa kutwa nzima na kushikilia kwamba yeye ni Mkristo na kwamba kwao hakutendeki uovu wowote. Jibu lake ni fupi kuliko kitabu chochote cha utetezi, lakini lina hoja ileile.

Atenagora alijibu kwa utulivu. Kuhusu ukanamungu alionyesha kwamba washairi na wanafalsafa wa Kigiriki wenyewe walikiri Mungu mmoja bila kushtakiwa. Kuhusu ulaji watu alitaja desturi za Wakristo zinazojulikana: hawaendi kutazama watu wakiuana katika michezo ya uwanjani, wanawahesabu wanaotoa mimba kuwa wauaji, na hawatupi watoto wachanga. Itakuwaje wasiovumilia kutazama damu wawe ndio wanaoila nyama? Nguvu ya hoja hiyo inategemea jambo moja: kwamba kweli Wakristo hawakuonekana uwanjani. Kama jirani wa Kaisari angeweza kumwonyesha mmoja wao kwenye viti vya mbele, hoja ingeanguka.

Yustino

Yustino alizaliwa mwaka 100 hivi huko Flavia Neapoli (leo Nablus, Palestina) katika familia ya kipagani. Mwenyewe anasimulia jinsi alivyohangaika kwa walimu: Mstoa mmoja hakujali habari za Mungu, mfuasi wa Aristotle aliulizia ada mapema mno, mfuasi wa Pitagora alimtaka kwanza ajifunze muziki, elimunyota na jiometria, hatimaye kwa Waplato alitulia, mpaka alipokutana na mzee mmoja karibu na bahari aliyemwelekeza kwa manabii. Kisha alitaja sababu nyingine iliyomvuta: alipokuwa bado mfuasi wa Plato alisikia Wakristo wakisingiziwa, lakini alipowaona hawaogopi kifo alifikiri kwamba mtu mpenda anasa hawezi kufa namna hiyo. Baada ya kuongoka hakuvua joho la wanafalsafa. Alifungua shule Roma, katika chumba chake juu ya nyumba ya kuogea.

Utetezi wake wa kwanza, wa mwaka 155 hivi, umeelekezwa kwa Kaisari Antonino Pio, wanawe wa kupanga, Seneti na watu wa Roma. Anawaambia watawala kwamba wanaitwa wachamungu na wanafalsafa, hivyo wasikilize na kuthibitisha kama wanastahili sifa hizo. Jina peke yake, anasema, si jema wala baya mpaka uone matendo yaliyo nyuma yake. Anacheza pia na matamshi: katika Kigiriki cha wakati ule «Khristos» na «khrestos», yaani mwema, yalisikika karibu sawa.

Halafu anasema jambo ambalo mawakili wengi wasingethubutu. Wale wasioishi kama Kristo alivyofundisha, anaandika, wasihesabiwe kuwa Wakristo hata kama midomo yao inayataja mafundisho yake. Tena anaomba watu wa namna hiyo waadhibiwe na serikali. Hakutaka kuwatetea wote waliojiita Wakristo, kwa sababu utetezi wa namna hiyo ungefunika uovu kwa jina takatifu.

Lazima isemwe pia kwamba mahali pengine hakuwa mwangalifu vilevile. Akiwataja wafuasi wa Simoni Mchawi na wa Marchioni, ambao Kanisa liliwakataa, anasema hajui kama wao hutenda yale maovu yanayovumishwa. Kusema hujui huku ukiusogeza uvumi kwa jirani si utetezi wa heshima, na aliyeumizwa na uvumi alipaswa kulijua hilo kuliko wengine.

Kuelekea mwisho wa kitabu Yustino anafungua mlango wa ibada. Siku ya Jua, yaani Jumapili, Wakristo wa mjini na wa mashambani hukutana mahali pamoja. Kumbukumbu za Mitume au maandishi ya manabii husomwa kadiri muda unavyoruhusu, kisha anayeongoza hutoa mawaidha. Wote husimama na kusali, halafu huletwa mkate na divai na maji. Kiongozi hushukuru kadiri awezavyo na watu huitikia Amina. Mashemasi huwapelekea wasiokuwepo. Wenye nafasi hutoa wapendacho, na kinachokusanywa huwekwa kwa kiongozi ili awasaidie yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Wanaoshiriki mkate ule ni wale tu wanaosadiki, waliobatizwa na wanaoishi kama Kristo alivyoagiza.

Maelezo hayo ni hazina kwa historia ya liturujia, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki inayatumia kueleza Misa. Lakini Yustino hakuyaandika kwa ajili ya wanahistoria. Alijua kwamba siri ndiyo inayolisha uvumi, akaamua kueleza mezani kuna nini, akiba inakwenda kwa nani, na nani anaruhusiwa kukaribia.

Utetezi wa pili, ulio mfupi, ulitokana na kesi moja. Mwanamke wa Roma, ambaye zamani aliishi ovyo pamoja na mumewe, aliongoka na kujaribu kumrekebisha mume. Aliposhindwa aliomba talaka. Mume alimshtaki kuwa Mkristo. Mke alipopata ruhusa ya Kaisari ya kupanga kwanza mambo yake, mume alimgeukia mwalimu wake wa dini, Ptolemayo, akapanga na akida wa jeshi amuulize swali moja tu: je, wewe ni Mkristo? Ptolemayo alikiri, akafungwa muda mrefu. Mkuu wa mji, Urbiko, alirudia swali lilelile akatoa hukumu ya kifo. Mtu aliyekuwapo, jina lake Lusyo, alisimama akauliza kwa nini aadhibiwe asiye mzinzi, wala mwuaji, wala mwizi. Urbiko alimjibu kwamba anamwona naye ni mmoja wao. Lusyo alikubali, akapelekwa kuuawa pamoja naye, na mtu wa tatu baada yao.

Yustino aliyetaka kesi zichunguzwe aliishia kuulizwa swali hilohilo. Mkuu wa mji safari hii alikuwa Yunio Rustiko, mwanafalsafa Mstoa aliyekuwa mwalimu wa Marko Aurelio. Walioshtakiwa pamoja naye walikuwa sita, mmoja wao mwanamke, Karito, na mmoja mtumwa wa nyumba ya Kaisari, Euelpisto. Walikataa kutoa sadaka, wakapigwa mijeledi na kukatwa vichwa.

Mbegu za Neno

Kwa Yustino, Neno wa Mungu aliyefanyika mtu katika Yesu alikuwa akifanya kazi tangu awali, akipanda mbegu za ukweli kwa watu wote. Ndiyo maana Sokrates na Herakleto, walioishi kwa kufuata akili, walikuwa kwa namna fulani Wakristo kabla ya Kristo. Mtaguso wa pili wa Vatikano ulirudia lugha ya mbegu za Neno ulipozungumzia umisionari. Mwanateolojia wa Ghana Kwame Bediako, katika kitabu chake cha mwaka 1992, alilinganisha watetezi wa karne ya 2 na wanateolojia wa Afrika ya kisasa, wakiwemo John Mbiti wa Kenya na Vincent Mulago wa Kongo. Aliona wote walikabili swali moja: mtu akiwa Mkristo, afanye nini na yale waliyoyajua babu zake?

Upande wa Wayahudi, Yustino aliandika Majadiliano na Trifoni. Wanaojadiliana wanaagana kwa kutakiana heri, pasipo mmoja kumshinda mwingine. Hata hivyo kitabu kina maneno makali juu ya Wayahudi, na baada ya Wakristo kupata mamlaka maneno ya namna hiyo yalitumiwa kwa madhara makubwa.

Nidhamu ya ndani

Wapinzani walikuwa na silaha nzuri kila walipopata Mkristo mdanganyifu au mjinga. Mwandishi wa tashtiti Lukiano wa Samosata alisimulia habari za Peregrino, tapeli aliyejiunga na Wakristo wa Palestina. Alipofungwa, walimletea chakula gerezani, wakatumiwa na makanisa mengine fedha za kumsaidia, naye akatajirika. Lukiano anawacheka: watu hawa, anasema, mjanja yeyote akiwaingilia anaweza kuwa tajiri upesi. Ndani ya dhihaka hiyo mna ushuhuda ambao mwandishi hakuukusudia, yaani kwamba walimtunza mfungwa bila kuhesabu gharama.

Kanisa lenyewe lilikwisha kuiona hatari hiyo. Didake, kitabu kidogo cha mafundisho na kanuni ambacho wataalamu wengi hukihesabu cha mwisho wa karne ya 1 au mwanzo wa karne ya 2, kinatoa vipimo vya kumtambua mhubiri anayesafiri. Mtume akija apokelewe. Akae siku moja, ikibidi na ya pili. Akikaa tatu ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa kumfikisha anakolala. Akidai fedha ni nabii wa uongo. Anayesema akiwa katika Roho kwamba apewe pesa asisikilizwe, isipokuwa anaomba kwa ajili ya wahitaji wengine. Anayefundisha ukweli asiutende ni wa uongo pia. Mgeni wa kawaida akitaka kubaki baada ya siku mbili au tatu afanye kazi ndipo ale; akikataa, huyo anamfanyia biashara Kristo. Msomaji wa Kiswahili anayejua methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, atajiona yuko kwao.

Kanuni hizo hazikumlenga Kaisari, lakini bila hizo Yustino asingekuwa na cha kumwambia. Vilevile Marchioni, tajiri aliyelikataa Agano la Kale na Mungu wake, alipotengwa na Kanisa la Roma mwaka 144 hivi, alirudishiwa mchango wake wa sestersi 200,000. Tertuliani ndiye anayetaja kiasi hicho. Fedha hizo zingewalisha wajane wengi, lakini hazikubaki.

Waandishi wengine

Wa kwanza kabisa, Kwadrato, alimwandikia Kaisari Hadriano. Kimebaki kipande kimoja kilichonukuliwa na Eusebio wa Kaisarea, kinachosema kwamba baadhi ya watu walioponywa na Yesu waliishi hadi siku za mwandishi. Aristide wa Athene alisifu Wakristo kwa jambo dogo lenye uzito: wakiwa na maskini kati yao na wenyewe hawana ziada, hufunga siku mbili au tatu ili chakula hicho kimfikie. Melito wa Sarde alidai Kanisa na Dola vilikua pamoja tangu Kaisari Augusto. Teofilo wa Antiokia ndiye wa kwanza ambaye maandishi yake yanatumia neno Utatu kuhusu Mungu. Waraka kwa Diogneto, ambao mwandishi wake hakujitaja, unaeleza Wakristo wanaovaa, kula na kusema kama wenyeji wa kila nchi, huku wakiishi kama wapitaji: meza yao ni ya wote, vitanda vyao sivyo.

Tertuliani wa Karthago (katika Tunisia ya leo) alitoa Utetezi wake mwaka 197, akiwaelekea mahakimu wa majimbo. Sehemu inayosomwa zaidi inahusu fedha. Kila mmoja, anaeleza, huweka kitu mara moja kwa mwezi, akitaka na akiweza, maana hakuna anayelazimishwa. Hazina hiyo haiendi kwenye karamu, bali kulisha na kuzika maskini, kutunza yatima, wazee, waliovunjikiwa merikebu, na waliofungwa migodini au visiwani kwa ajili ya imani. Minusio Felisi, kwa Kilatini fasaha, alitunga mabishano ya marafiki watatu wakitembea ufukoni huko Ostia, ambamo mpagani anapewa nafasi ya kusema yote aliyo nayo kabla ya kujibiwa.

Selso na Origene

Mpinzani mwenye akili kuliko wote alikuwa Selso, mfuasi wa Plato aliyeandika Neno la Kweli mwaka 178 hivi. Huyu hakurudia porojo za ulaji watu. Alisoma vitabu vya Wakristo na kuvishambulia penye mifupa: Mungu atashukaje duniani? Kwa nini mnawavuta washona viatu, wafua nguo, wanawake na watoto, huku mkiwakwepa wenye elimu? Kwa nini mnasema usichunguze, amini tu?

Jibu lilichukua miaka 70 hivi. Origene wa Aleksandria, kwa kuombwa na rafiki yake Ambrosi, aliandika vitabu vinane mwaka 248 hivi, akinukuu hoja za Selso moja baada ya nyingine kabla ya kuzijibu. Kitabu cha Selso kilipotea. Tunakijua karibu chote kwa sababu mpinzani wake alimnukuu kwa uaminifu. Hilo halikuwa la kawaida zama hizo, wala si la kawaida leo.

Katika dibaji Origene anasita. Yesu aliposhtakiwa kwa uongo alinyamaza, anasema, na bado ananyamaza. Utetezi wake ni maisha ya wanafunzi wake wa kweli, na kitabu chake kinaweza hata kuudhoofisha. Anaandika kwa ajili ya walio dhaifu. Miaka michache baadaye alifungwa na kuteswa katika dhuluma ya Kaisari Desyo, akafa kutokana na majeraha hayo.

Waliokwenda kombo

Kujua kutetea hakukumkinga mtu. Tasiano, Msiria mwanafunzi wa Yustino, aliandika kitabu kikali dhidi ya Wagiriki na kuunganisha Injili nne kuwa simulizi moja, Diatessaron, lililosomwa kanisani Siria kwa muda mrefu. Baada ya kifo cha mwalimu wake, kadiri ya Ireneo wa Lyon, aliikataa ndoa na kuiita uchafu. Tertuliani mwenyewe alijiunga na Wamontano, waliodai ufunuo mpya na nidhamu kali kuliko ya Kanisa, hata akalaumu maaskofu kwa kuwasamehe wazinzi waliotubu. Katika wote wawili kosa halikuwa ulegevu bali ukali: waliongeza masharti ambayo Injili haikuyaweka. Ireneo, aliyeandika Dhidi ya Uzushi mwaka 180 hivi, alipima kwa kitu kingine, yaani mafundisho yaliyopokewa hadharani kutoka kwa Mitume katika makanisa yote.

Maandishi yalivyotufikia

Maombi hayo kwa makaisari hayakubadilisha siasa ya Dola. Uhuru ulikuja mwaka 313. Vitabu vilisomwa zaidi na Wakristo wenyewe, na kubaki kwake ni kwa bahati. Tetezi mbili za Yustino zinategemea hasa nakala moja ya karne ya 14 iliyoko Paris. Didake ilionekana tena mwaka 1873 katika maktaba ya Konstantinopoli. Utetezi wa Aristide ulidhaniwa kupotea hadi mwaka 1889, ulipopatikana kwa Kisiria katika monasteri ya Mt. Katerina, mlimani Sinai; mara ikagundulika kwamba Kigiriki chake kilikuwa kikisomwa karne nyingi bila kutambuliwa, kimechomekwa ndani ya hadithi ya Barlaam na Yoasafu. Kazi ya Minusio Felisi, iitwayo Oktavio, ilinakiliwa kama kitabu cha nane cha mwandishi Arnobi, kwa sababu katika Kilatini jina hilo linafanana na neno «octavus», yaani cha nane. Nakala pekee ya kale ya Waraka kwa Diogneto ilipatikana Konstantinopoli katika karne ya 15, kwenye duka la muuza samaki miongoni mwa karatasi za kufungia, ikafikishwa hatimaye Strasbourg, na kuteketea huko mwaka 1870 mji ulipopigwa mizinga na jeshi la Prussia. Waraka unasomwa leo kutokana na nakala zilizokuwa zimechukuliwa kabla ya moto huo.